Mama Brashi na Ukuta Usiopakwa Chokaa

Ndugu, jamaa, majirani, marafiki, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa sababu viti havikutosha, familia imemteua kifungua mimba wa marehemu awasomee maisha ya mama yake, na marehemu mwenyewe, ambaye hakupenda hotuba ndefu, aliacha agizo kwamba yasisemwe mema matupu, kwa kuwa sura ya mtu ukiichora bila vivuli huyo mtu hatajijua.

Mama yetu, ambaye karibu wote mlimwita Mama Brashi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, akiwa mtoto wa tatu wa mama fundi cherehani na baba fundi baiskeli, katika nyumba iliyokuwa na karakana mbele na jiko nyuma, na inasemekana kwamba kabla hajajua kuandika alikuwa ameshajua kuiba chaki ya kushonea, akawachora wateja sakafuni wakiwa wamesimama kupimwa nguo, tena bila huruma, vitambi vyote mahali pake, hata ikawa kila mteja anayeingia mlangoni anavuta pumzi na kubana tumbo.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, akamaliza sekondari Novemba 1971 kwa alama za wastani, isipokuwa jiografia, ambako ramani zake zilibandikwa darasani na kubaki pale baada yake, na mwaka uliofuata akapokelewa na mzee mmoja mchora mabango, akawa mwanamke pekee katika karakana ile, akianza kwa kuosha brashi na kupiga msasa mbao, na bango lake la kwanza, la bucha, nusura limfanye amwage unga, maana mwenye bucha alilikodolea macho, akauliza, "Binti, huyu ng'ombe umemchora anacheka, sasa nani atapata roho ya kumla?" naye akajibu, "Afadhali acheke, baba, angelia ungefunga duka," mzee wa mabango akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, na ng'ombe yule aliendelea kucheka juu ya bucha ile hadi paa lilipobadilishwa.

Jioni, baada ya kazi, alisoma katika chuo cha sanaa, akahitimu tarehe 17 Novemba 1978, na darasani mwao wanawake walikuwa wawili tu, yeye na rafiki yake Mfinyanzi, ambaye yuko hapa mstari wa mbele, na siku ya maonyesho ya wahitimu kazi zao wawili zilitundikwa nyuma ya mlango, si kwa nia mbaya, nafasi ilikuwa finyu, ila kila mgeni alipofungua mlango ili aingie, kazi zao zilifunikwa, na mlango ulipofungwa mgeni alikuwa ameshapita, naye marehemu hakumlaumu mtu, lakini mlango ule hakuusahau, na mtausikia tena.

Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na baba yetu, seremala, ambaye walikutana kwa sababu baba alimtengenezea fremu akakosea vipimo, na badala ya kumrudishia, marehemu alikwenda akachora picha nyingine ya kuitosha, jambo ambalo baba alilisimulia kila mara kama ushahidi kwamba yeye ndiye aliyetongozwa, na walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1981 na mwana mwaka 1984, na wajukuu watano, ambao wote wamewahi kukaa kwenye kigoda chake na kuambiwa wasitikisike, na wote walitikisika.

Picha zake za watu, akina mama wa sokoni, mafundi, wauguzi wakibadilishana zamu, zilionyeshwa na kununuliwa ndani na nje ya nchi kuanzia mwaka 1986, lakini yeye alisema maisha yake ya sanaa yalianza hasa Aprili 2007, siku ambayo mwanamke mmoja mrefu, aliyestaafu jeshi baada ya kufanya kazi bohari, aliingia karakanani kuagiza bango la duka la mayai, akasimama wima kama yuko kwenye gwaride, akatoa kipande cha boksi chenye mchoro wa kuku ili aeleweke anachotaka, na marehemu akakishika kile kipande, akakipeleka dirishani penye mwanga, akarudi.

"Nani amekuchorea huyu kuku?"

"Nimemchora mwenyewe, dada, samahani."

"Samahani ya nini? Kuku huyu ukimgusa atakudonoa. Mimi bango hili silichori, utalichora wewe, rangi nitakupa."

Huyo ndiye Sajini, ambaye wengi wenu mnamfahamu, na siku bango lilipokamilika alisema, huku akiangalia buti zake, kwamba huko kambini walikuwapo wenzake wengine waliokuwa wakichora kwenye migongo ya fomu na vifuniko vya makreti, wakiiharibu michoro kabla ya ukaguzi, na kwamba sasa wako majumbani, wanaulizwa kila siku watafanya nini na maisha.

Basi Januari 2008 marehemu na Mfinyanzi waliwakaribisha wanawake sita waliotoka jeshini, wakawa wanakutana kila Jumamosi, na Jumamosi ya kwanza marehemu alimpa kila mmoja kipande cha mkaa, akawaonyesha ukuta mrefu mweupe wa karakana, akawaambia wachore kitu chochote walichowahi kukiona kwa macho yao wakanyamaza, nao wakachora mpaka jua likaegemea, na kwa maneno ya Mfinyanzi, ambaye si mtu wa kutia chumvi, ukuta ule ulitisha kwa uzuri, kulikuwa na lori lililozama, kulikuwa na mwanamke anasuka nywele za mwenzake chini ya turubai, kulikuwa na mkono mmoja tu, mkubwa, umeshika sufuria.

Asubuhi yake marehemu alifungua karakana akakuta ukuta umepakwa chokaa, mweupe pepepe, sakafu imeoshwa, brashi zimepangwa kwa urefu, na nje, mawe yote ya kando ya njia yamepakwa chokaa nayo, pamoja na shina la mti wa jirani hadi usawa wa kiuno, kwa sababu wale akina mama walibaki nyuma wakapata ndoo ya chokaa katika stoo ya karakana, wakafanya kile walichofunzwa miaka yote, kuacha mahali kama walivyopakuta, na alipowauliza, Sajini alijibu kwa fahari, "Hatujaacha alama, dada," na marehemu alikaa kwenye kigoda akacheka, kisha akalia, kisha akafuta uso kwa kitambaa cha rangi, akawa na uso wa buluu, akasema, "Wadogo zangu, hapa tumekuja kuacha alama, hiyo ndiyo kazi yenyewe," na tangu siku hiyo ikawa sheria ya karakana kwamba ukuta ule haupakwi chokaa, atakayechoka na mchoro wake achore mwingine pembeni.

Miaka iliyofuata haikuwa mteremko, wapo waliokuja wakaondoka, yupo aliyechora mgongo tu kwa mwaka mzima kabla hajamgeuza mtu wake atazame mbele, naye hakuharakishwa, na jambo moja marehemu alilitaka kuliko yote, kwamba kabla hajafa awaone wanawake hawa wametundikwa katika ukumbi mkubwa wa sanaa kama wachoraji, kwa haki ya kazi yao, wala si kwa kuonewa huruma.

Mwezi wa Mei 2014 mkuu wa ukumbi ule alitembelea karakana, akaguswa, akawapa nafasi ya kutundika picha zao ukumbini, katika korido ya kuelekea ofisini, chini ya kichwa kilichosema kazi za mikono za wastaafu wa jeshi, na akina mama walishangilia, walikuwa wamesubiri miaka sita, lakini marehemu alishukuru, akakataa, mbele yao, bila kuwauliza, na hapa ndipo penye kile kivuli alichotaka kitajwe, kwa sababu Sajini alimwambia, "Dada, wewe una picha kwenye kuta za watu duniani kote, kukataa korido kwako ni rahisi, umekataa mkate ulio mkononi mwangu," akachukua kofia yake, na kwa miezi mingi hakuonekana, na marehemu alikiri baadaye kwamba mlango wa mwaka 1978 ndio uliomjibia, na kwamba hata kama jibu lilikuwa sahihi, mdomo haukuwa wake peke yake.

Tarehe 22 Machi 2015 marehemu alipatwa na kiharusi kilichouchukua mkono wa kulia, akarudi nyumbani akiwa ameamua kwamba habari ya brashi imekwisha, hataki wageni, hataki hata kufunguliwa dirisha, mpaka asubuhi moja Sajini, aliyesikia habari kwa watu, aliingia bila hodi, akafungua dirisha, akamwekea mkaa kwenye mkono wa kushoto, akasema, "Nimefundisha makuruti waliokuwa hawajui kushoto ni wapi, wewe utanishinda?" na kila siku wakawa wawili, mmoja anaamrisha, mwingine anatukana kwa sauti ya chini, na mistari ya mkono ule wa kushoto, iliyotetemeka, iliyokuwa haina ufundi wowote wa zamani, baba alisema ndiyo mizuri kuliko yote aliyowahi kuitilia fremu.

Safari hii marehemu na akina mama waliamua wote pamoja, kwa kuulizana, wakapeleka kazi zao katika mashindano ya wazi ya ukumbi uleule, ambako waamuzi huziona picha bila kuambiwa zimechorwa na nani, na zilipochaguliwa, kati ya wachoraji tisa waliopewa ukumbi mkubwa, wanne walikuwa wametoka kwenye ukuta wa mkaa, nasi tunamshukuru mkuu wa ukumbi, aliyepo hapa leo na aliyeturuhusu tusome haya, kwamba aliyafungua maonyesho tarehe 7 Oktoba 2016 kwa kusema, "Nilikosea ukubwa wa ukuta."

Jioni ile marehemu alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu akakuta wanne wale wamesimama wima, mikono ubavuni, kila mmoja kando ya picha yake kama analinda lango, akawaambia kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "Jamani, legezeni magoti, mko kwenu!" watu wakaangua kicheko, nao wakalegeza, na Sajini, ambaye picha yake ilikuwa ya wanawake wawili wakisukana chini ya turubai, hakuweza kulegeza magoti bila kukaa sakafuni, basi akakaa, marehemu akamshika kichwa, na wageni wakapita wakiwazunguka.

Leo hii wanawake kumi na wawili kutoka karakana ile wanaishi kwa sanaa yao, Sajini ndiye mwalimu wa Jumamosi, na duka la mayai limebaki na bango tu, kwa sababu mwenyewe hana tena muda wa kuku.

Figo za marehemu zilianza kushindwa mwaka 2021, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na alifariki alfajiri ya tarehe 18 Februari 2023, nyumbani, baba akiwa pembeni yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi wa zamu aliyekubali kuchorwa akibadilisha dripu, majirani, akiwemo jirani wa mti uliopakwa chokaa, aliyesamehe, Mfinyanzi, rafiki wa miaka yote, na wasanii wenzake wote.

Jana, tulipokwenda kuisafisha karakana kwa ajili ya wageni, tulikuta akina mama wameshafika kabla yetu, sakafu imeoshwa, brashi zimepangwa kwa urefu, mawe ya nje meupe pepepe, na ukutani, pale chini alipofikia marehemu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mchoro wake wa mwisho wa mkono wa kushoto, kuku mmoja tu, upo, haujaguswa, na Sajini amesimama mbele yake na ndoo ya chokaa miguuni, akatuambia, "Pamebaki kama alivyopaacha."

Lala, Mama Brashi, legeza magoti, uko kwako.