Unga Haitikii Salamu

Benchi langu limetazamana na mashine ya kusaga nafaka. Mimi ndiye mwenye birika, na asiyependa maneno yangu akanywe kahawa kwao. Jioni mashine ikizimwa, tunashusha pumzi, kisha wanakuja: Breki, fundi baiskeli, Sindano, fundi cherehani, na Tajiri, mwenye mashine, ambaye utajiri wake wote ni ile mashine na kitambi. Tajiri akiingia kule ndani hata kwa dakika mbili, lazima avae viziba masikio vyake vyekundu, nasi tunamtania eti rubani kaja. Wa nne wetu ni Unga, anayemsagia Tajiri tangu mimi nina kiuno. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamteta, maana siku hizi ukimsalimia anakupita kama kapita nguzo.

— Maringo hayo, alianza Sindano. Tangu binti yake ajifungue, anajiona babu peke yake duniani.

— Maringo wapi! Breki akadakia. Juzi nimempigia kengele ya baiskeli mgongoni kabisa, hata kushtuka hakushtuka. Huyu anajifanya marehemu, anataka ajue nani atamlilia.

— Basi mimi simo, akasema Sindano. Haniitikii akiwa hai, nikamwage machozi yangu bure?

— Nyie hamjui kitu, akasema Tajiri. Ni vumbi la unga limemwingia masikioni, likaganda.

— Kwa hiyo akioga maji ya moto unatoka uji? akauliza Breki.

Tulicheka mpaka Sindano akajimwagia kahawa. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

— Utani kando, ni uzee ule, akasema Tajiri akijifuta macho.

— Wewe na Unga si rika moja? nikamuuliza. Mbona wewe unasikia hata nikipunguza sukari?

— Mimi nina damu nzito, mama.

Hajamaliza, Unga huyo, kope nyeupe kwa vumbi. Nyuma yake binti yake, mtoto mgongoni. Unga akaitikia "Salama, salama" kabla hatujamsalimia, akaketi pale pale pake, ubavuni kwa Tajiri. Binti hakuketi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Karibu kahawa.

— Ahsante, mama, sikai. Jana nilimwachia baba mtoto, nikatoka kidogo. Narudi, mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Baba yuko chumba hicho hicho, kampa mgongo, anamchongea kigari. Hakusikia chochote. Tangu jana hataki hata kumbeba. Ananiambia, mwanangu, usiniachie tena.

Breki akainamia kikombe chake. Mimi kengele ile ya baiskeli ikanirudia kichwani, na kicheko chetu, nikaona aibu.

— Baba mdogo, binti akamgeukia Tajiri, kwa adabu kabisa. Nina swali moja dogo.

— Uliza tu, mwanangu.

— Vile viziba masikio vyako, ukiingia mashineni unavivaa kwa nini?

— Si zile kelele... alianza Tajiri, macho yakamwangukia Unga.

Tumeviona miaka yote vikining'inia kwenye msumari wa ofisi yake, jozi moja, na hakuna aliyewahi kuuliza jozi ya Unga iko wapi. Unga alikuwa anatutazama usoni mmoja mmoja.

— Mnasema nini?

— Nimekukosea, ndugu yangu, Tajiri akanong'ona.

— Eti?

— Nimekukosea!

— Hamia huku bwana, sikio hili ndilo lina nafuu.

Tajiri akasimama, akahamia upande wa pili, akapaza sauti mpaka mwenye duka la jirani akachungulia.

— Nimekukosea! Masikio yako nilipaswa kuyalinda mimi! Mashine haiwashwi tena mpaka upate viziba vyako! Na kesho nakupeleka hospitali mwenyewe!

Unga akamvuta shati.

— Kaa chini, bwana. Unapiga kelele kama mashine yako.

Tajiri akakaa, analia waziwazi, mtu mzima na kitambi chake.

— Atasikia tena? binti akauliza.

Fundi baiskeli hajui, fundi cherehani hajui, mwenye mashine hajui. Nikashika birika nipate la kufanya, kumbe tupu.

Mtoto akaanza kulia. Sote tukageuka, ila Unga, aliyekuwa anapuliza kahawa yake taratibu. Binti akamshusha mtoto mgongoni. Tajiri akaushika mkono wa mwenzake, akauweka kwenye kifua kile kidogo, akaushikilia pale. Unga akakiweka kikombe chini.

— Kumbe unalia, babu, akasema, akampokea.