Pengo Kwenye Ramani ya Masama

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, wazee wangu, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi wana-Masama mliowahi viti vya karibu na jikoni kwa sababu ya harufu ya machalari.

Mimi Aika, mwenyekiti wenu, leo naringa. Kijiji kinapokea hati za vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na ramani zake zimekamilishwa na Shamsia, mpima ardhi, binti wa Njoro pale mjini, ambaye leo tunamuaga.

Mnakumbuka ile ndege ndogo isiyo na rubani ilivyotupiga picha? Kompyuta ilifuata masale, ile mimea tunayopanda mpakani, ikaweka nukta baada ya nukta kuzunguka kila kihamba, kisha ikaziunganisha kwa mstari. Lakini ramani ya Mama Eliona ilipobandikwa ofisini, kona alikolala marehemu mumewe ilikuwa imeangukia kwa jirani yake, Mzee Filemon. Jamani, nani kati yetu angelala usingizi? Salamu zikakatika kati ya nyumba hizo mbili, na wapo waliosema mzee kahonga.

Wenzake Shamsia walipima umbali kutoka kila nukta hadi inayofuata. Zote zilikaribiana, kama hatua ya mtu mzima. Wakasema ramani iko sawa.

Shamsia akauliza, "Na kutoka ile ya mwisho kurudi ya kwanza, nani amepima?"

Hakuna aliyepima. Pengo hilo lilikuwa pana kuliko nyumba, na kompyuta ililivuka kwa mstari mnyoofu, ikakata kona. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya angani yalizibwa na migomba iliyoinamia mpaka. Binti huyu akapanda huku kwetu na matope yale ya masika, akainua majani, na masale yakaonekana yamelizunguka kaburi, likiwa ndani ya kihamba cha Mama Eliona.

Hakuishia hapo. Akarudia kupima mapengo ya vihamba vyote, hata vya watu ambao hawakulalamika. Shamsia, mwanangu, nakujivunia kama nimekuzaa mimi, na waliokulea Njoro wapelekee shukrani zetu.

Sasa namwomba Mama Eliona asogee. Utaratibu unasema hati hukabidhiwa na mgeni rasmi. Mheshimiwa, utanisamehe: hii moja Mzee Filemon ameomba aikabidhi yeye, kwa mkono wake, nami nimemkubalia.

Asanteni kwa kunitegea masikio. Mzee Filemon, karibu mbele.