Mama Kamatini na Muswada Uliochelewa

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi bungeni, mwenzetu wa Ofisi ya Miswada, tunayemfahamu wote kwa jina la Mama Kamatini, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa ufupi, kwa uchangamfu na bila malalamiko. Hayo mawili ya kwanza nitajitahidi. La tatu sina hakika nalo, kwa sababu mama huyu angeweza kabisa kubaki nasi miaka miwili zaidi, na aliyemzuia ni yeye mwenyewe. Nitafika huko.

Kwa walioajiriwa juzi na bado wanapotea kwenye korido zetu, nieleze kwanza kazi yake. Muswada mpya hauingii ukumbini kwa kishindo. Spika humwita Katibu, Katibu husimama pale Mezani, yaani kwenye meza ya makatibu mbele ya Spika, husoma jina refu la muswada, kisha huketi. Huko ndiko kusomwa kwa mara ya kwanza. Hakuna anayejadili, hakuna anayepiga makofi, na nusu ya waheshimiwa huwa bado wanatafuta miwani. Spika hutaja kamati itakayouchambua, na muswada huenda huko kukutana na wananchi wenye jambo la kuusemea, jema au baya. Kwa miaka mingi aliyesimama kusoma ni Mama Kamatini, na aliyemshauri Spika ni kamati ipi inafaa ni yeye pia.

Alianza kama mpiga chapa katika chumba cha chini, kile ambacho sasa tunarundika viti vilivyovunjika. Sauti yake ndiyo iliyompandisha ngazi. Wazee wa kazi wanasema siku ya usaili aliulizwa jina, akalitaja, na karani wa chumba cha pili akaliandika. Mimi mwenyewe ni shahidi wa siku umeme ulipokatika katikati ya kikao. Vipaza sauti vilikufa, waheshimiwa wakaanza kunong'ona, naye akaendelea kusoma jina la muswada wa maji taka mpaka mwisho, na wageni wa roshani ya juu kabisa hawakujua kwamba kuna kilichoharibika.

Joho lake jeusi alilishona mumewe, fundi cherehani, ambaye ndani ya mkono wa kushoto aliweka mfuko mdogo wa pipi za tangawizi za kulainisha koo. Mfuko huo haumo katika kanuni yoyote. Waheshimiwa wa pande zote mbili waliujua, na kila mwenye kikohozi alipita karibu na Meza akijifanya ameangusha kalamu.

Jina la utani lilitoka nyumbani kwake. Kitinda mimba wake alipokuwa mdogo aliomba baiskeli. Mama akamsikiliza, akamwambia ombi limesomwa kwa mara ya kwanza, akalipeleka kwenye kamati ya bibi. Bibi akawaita mashahidi, yaani dada wa mtoto na jirani mwenye ukuta uliokwisha kugongwa na baiskeli nyingine. Kamati ikarudi na marekebisho: baiskeli ipatikane, ila iwe ya watoto wawili, na ukuta wa jirani usisogelewe. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, na alipoleta habari za kuoa alijileta mwenyewe kwa bibi kabla hajaambiwa. Hadithi hiyo ilipofika kantini, jina likaganda.

Na hapa kazini jibu lake lilikuwa hilo hilo. Tubadilishe mapazia? Kamatini. Chai iongezwe sukari? Kamatini, na mwenye kisukari aitwe kwanza. Ilikuwa inachosha, nisiwadanganye.

Wengi watamkumbuka kwa muswada wa nyuki. Kamati ya Mifugo na Kamati ya Maliasili ziligombana kuhusu nani aupokee. Mwenyekiti wa Mifugo alishikilia kwamba mnyama anayemuuma mwenye kumfuga hawezi kuwa mfugo. Mwenyekiti wa Maliasili alijibu kwamba kama ni hivyo, basi na punda wake, ambaye naye huuma, akamate njia. Muswada ukarushwa huku na huku, hakuna anayeutaka wala anayetaka mwenzake aupate. Mama Kamatini alimshauri Spika kamati zote mbili zikae pamoja na ziwaite warina asali. Warina wakaja, wamebeba mtungi mmoja mkubwa. Sijui walisema nini, lakini kufikia saa sita mchana kamati zilikuwa zimeelewana, na kumbukumbu za kikao kile mpaka leo zinanata.

Hayo ni ya kucheka. Lipo moja ambalo si la kucheka, na bila hilo hamtamwelewa.

Alipokuwa bado mgeni pale Mezani, yalizuka maradhi ya kuhara mjini. Serikali iliingia na muswada wa kuwaondoa wauza vyakula na vinywaji kwenye malango ya hospitali. Nia ilikuwa njema, watu walikuwa wanakufa. Ukaletwa kwa hati ya dharura, kanuni zikatenguliwa, kamati ikarukwa. Ulisomwa asubuhi, ukapita jioni. Aliyeusoma asubuhi ni yeye.

Mama yake mzazi alikuwa anauza chai na maji ya moto kwenye lango la hospitali kuu. Wiki haikuisha, askari wakaibeba meza yake, birika na viti viwili vya wateja. Jioni bintiye alipofika nyumbani alimkuta amekaa barazani, mikono mitupu. Hakufoka. Alimuuliza tu, "Mwanangu, wewe si ulikuwepo?" Bintiye akakiri kwamba alikuwepo, na kwamba ndiye aliyesoma. Ndipo mama akauliza lile swali ambalo Mama Kamatini amelibeba mpaka leo: "Na mle ndani kwenu, hakuna mlango wa mtu kubisha hodi?"

Ulikuwepo. Siku ile ulirukwa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waheshimiwa hawakujua kwamba ile meza ndiyo iliyokuwa ikiwapa wazazi wapya maji ya kuogeshea watoto alfajiri, na wagonjwa maji yaliyochemshwa ya kumezea dawa. Wauguzi ndio waliokuja kulalamika, na baada ya miaka miwili muswada wa marekebisho ukaletwa. Safari hii ulipelekwa Kamati ya Afya, na kamati ikaita mashahidi. Mama yule alikuja amevaa viatu vyake vya harusini, akaketi mbele ya waheshimiwa, akawaeleza habari za maji ya moto kana kwamba anawafundisha kuyachemsha. Katibu wa kamati siku hiyo alikuwa binti yake. Alimwita "shahidi" toka mwanzo hadi mwisho. Hakumwita mama hata mara moja, ingawa waliokuwepo wanasema alipomsogezea bilauri ya maji, nusu yake ilimwagika mezani.

Sheria ikarekebishwa. Meza zikarudi langoni, lakini ya mama yule ilirudi na mtu mwingine, maana miguu yake ilikuwa imeshachoka. Mama Kamatini haisimulii habari hii. Nimeipata kwa mumewe, akiwa ananipima suruali.

Sasa tufike kwenye malalamiko yangu.

Miezi miwili iliyopita, mheshimiwa mmoja mkongwe wa viti vya nyuma alileta muswada binafsi wa kupandisha umri wa kustaafu wa watumishi wa Bunge, kutoka sitini hadi sitini na miwili. Kila mtu alijua umeshonwa kwa kipimo cha nani. Hesabu ilikuwa wazi: kama muswada ungekwenda njia yake ya kawaida, ungefika mwisho yeye akiwa ameshaondoka. Kama ungekuja kwa dharura na kamati ikarukwa, angebaki. Waheshimiwa wa pande zote, wale ambao hawakubaliani hata kuhusu saa ya ukutani, walikuwa tayari. Sisi wa ofisini tulikuwa tumeshaanza kuangaliana na kutabasamu kwenye korido. Nami nilikuwa kiherehere namba moja, sioni haya kusema.

Na msidhani yeye hakutaka. Kazi hii anaipenda kama pumzi. Alishaniambia hajui asubuhi ya mtu asiye na Bunge inaanzaje.

Spika akataka ushauri wa Meza: je, dharura ipo? Mama Kamatini alimwambia kwanza kwamba jambo hili linamhusu yeye, hivyo amsikilize mwingine. Spika akamsikiliza mkuu wetu, aliyesema kwamba kanuni zinaruhusu na uamuzi ni wa Kiti, yaani wa Spika mwenyewe. Kisha Spika akamgeukia tena Mama Kamatini, akamwomba aseme lake. Nilikuwepo, nimeshika majalada. Alisema mtu pekee anayeumizwa na kusubiri ni yeye, na mtu mmoja si dharura. Halafu akamuuliza Spika kama kuna aliyewauliza akina mama wa usafi wa ghorofa ya pili, wenye magoti yanayolia kila ngazi, kama nao wanataka kuongezewa miaka miwili ya kupiga deki. Na vijana wanaongoja nafasi, je, wameulizwa?

Hakuna aliyekuwa amewauliza. Hata mimi, ninayenywa nao chai kila siku.

Kesho yake alivaa joho, akasimama, akasoma jina refu la muswada ule. Nilitega sikio. Nilitaka nisikie sauti ikikwama, angalau kidogo, ili nami nipate kisingizio cha kulia. Haikukwama. Aliusoma kama alivyousoma wa maji taka. Spika akaupeleka Kamati ya Utumishi, na Mama Kamatini akaketi, akatoa pipi ya tangawizi mkononi mwa joho, akanipa mimi. Nilikuwa na hasira sana, na niliila.

Kamati imeshakaa mara kadhaa. Akina mama wa usafi walikuja wote, na kiongozi wao akasema kwamba sitini na miwili ni sawa kwa anayekaa, lakini anayeinama ana hesabu yake. Sasa kuna pendekezo kwamba miaka ya nyongeza iwe ya hiari. Ni muswada mzuri kuliko ule tuliotaka kuupitisha mbiombio. Inaniuma kukiri hivyo kwenye jarida rasmi.

Kwa miaka yote hii hakuna aliyejua Mama Kamatini anaunga mkono nini. Tumejaribu kumchokonoa. Dereva wa basi la wafanyakazi aliwahi kumtega kwa maswali ya siasa safari nzima, naye akajibu kila swali kwa kusifia breki. Mtumishi wa Meza hana upande, na yeye alikuwa hana upande hata akila.

Lakini wiki iliyopita barua iliingia Kamati ya Utumishi. Mwananchi mmoja, ambaye siku ya kusikilizwa atakuwa ameshastaafu, anaomba kuja kutoa maoni yake kuhusu muswada wa umri wa kustaafu. Kamati imemkubalia, na imempangia siku chache baada ya tarehe thelathini. Kama ataunga mkono au atapinga, hatujui. Nilimuuliza, akanijibu nisubiri kamati ikae.

Siku hiyo ataingia kwa lango la wananchi, bila joho, na kitambulisho cha mgeni shingoni. Katibu wa kikao nimepangiwa mimi. Nitamsogezea bilauri ya maji, nami nitalazimika kumwita shahidi, na namwomba Mungu mkono wangu usinifedheheshe.

Mama, kwa niaba ya Ofisi ya Miswada, ya kantini, ya walinzi wa lango, ya ghorofa ya pili yote na ya waheshimiwa wenye vikohozi, asante. Umetufundisha kungoja, na tuliichukia kila dakika yake. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, wajukuu wenye maombi mengi, na maisha mema yasiyo na kengele ya kikao. Mzee fundi amengoja zamu yake muda mrefu, naye tunamshukuru.

Na siku ile ya kamati, ukifika mlangoni, bisha hodi. Tutaitika karibu kabla hujamaliza.