Beno na Muziki Nilioukata

Benedikto Chilumba, mliyemwita Beno, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1984 Nachingwea, mkoani Lindi, mtoto wa pili kati ya wanne. Mimi ni Hyasinta, dada yake mkubwa. Sikuomba kusoma wasifu huu. Mjane wake, Ritha, ndiye aliyeng'ang'ania.

Alisoma Nachingwea hadi darasa la saba, kisha mwaka 1999 nikampokea Kariakoo, Dar es Salaam, Mtaa wa Swahili, akasoma sekondari. Hesabu alizimudu kuliko sisi wote. Nilitaka awe mhandisi.

Kuanzia 2006 alitengeneza spika dukani kwa Bwana Girish, Mtaa wa Aggrey. Mwaka 2012 alipata kipindi kwenye redio ndogo ya mtandaoni, kila Ijumaa saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Alipiga house, muziki wa disko, ile ya taratibu, wimbo ukiyeyukia ndani ya mwingine kwa saa tatu nzima. Haina mwimbaji, haina ujumbe, na mimi niliichukia. Nilimwambia mbele ya wageni kwamba ni kelele za watu walioshiba. Alicheka tu: "Dada, wewe hujawahi kufika mwisho. Sikiliza moja mpaka iishe, halafu unitukane."

Sikusikiliza.

Tarehe 17 Oktoba 2015 alifunga ndoa na Ritha, mkaanga samaki wa soko la Feri, ambaye kila Ijumaa alfajiri alijiandaa kwenda mnada wa samaki huku kipindi cha Beno kikiwa sikioni. Ritha husema, "Ule muziki haukukimbizi, wifi. Unakusindikiza."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, akatuficha miezi minane. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa kumi alfajiri.

Kamati ya mazishi iliniomba aya hii isichapwe. Nimeichapa. Juzi kwenye mkesha, mdogo wetu Filbert alichomeka flashi akidhani ni ya kwaya, kumbe ni ya Beno. Turubai zima lilitulia. Mama, ambaye hakuwa amefumba macho tangu Jumanne, akasinzia begani kwa Ritha. Baada ya nusu saa niliinuka nikaichomoa. "Huu ni msiba, si klabu!" nilisema. Mama akashtuka, akaanza kulia upya. Nina hasira na kamati, na figo, na Beno kwa kuficha. Lakini aliyechomoa ni mimi.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Angelina na Adamu, ndugu watatu, na nyinyi wasikilizaji mliosimama kule nyuma, niliozoea kuwaita wavivu.

Beno, pumzika kwa amani ile uliyompa mama nusu saa, nami nikaikata.