Sehemu ya Mzee Stefano katika Kompyuta Namba Kumi na Moja

Risala ya wanachama wa Kituo cha Kompyuta Issuna kwa mgeni rasmi, Mama Cecilia Njiku. Inasomwa na katibu, Dorkas Mpaki.

Mgeni rasmi, Mama yetu Cecilia Njiku, shikamoo.

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, saa nne na robo asubuhi. Anga ya Issuna haina hata wingu moja, na upepo wa mashariki unavurumisha vumbi tangu kulipokucha. Utuwie radhi kwa kukukalisha katika chumba kilichofungwa madirisha. Sisi vumbi hili tumelizoea. Kompyuta ulizotupa hazijalizoea, na hatuna nia ya kuzizoesha.

Karibu sana. Tunajua umetoka Dodoma kwa basi la alfajiri. Tunajua pia kwamba ulikuwa na kila sababu ya kutupa jibu la kukataa mwaliko huu, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angekulaumu. Umekuja, Mama. Kwa hilo pekee tunakushukuru kabla hatujafika kwenye mengine.

KITUO NA MKONO WAKO

Kituo hiki tulikianzisha watu kumi na watatu mwaka 2022, katika ghala hili lililokuwa la kuhifadhia alizeti, tukiwa na kompyuta mpakato moja ya mwenyekiti wetu, Mwalimu Chediel. Mwalimu alisoma shule ya bweni miaka sita, miwili kati ya hiyo akiwa kiranja wa bweni, kisha akafundisha hisabati miaka thelathini na mmoja. Watani wake wanasema mwili ulitoka bwenini, roho ikabaki. Saa mbili kwake ni saa mbili. Anayefika saa mbili na dakika tano husimama mlangoni mpaka aulizwe alikokuwa.

Alhamisi ya tarehe 18 Aprili mwaka huu, lori lililokuwa likifuata mahindi lilishusha hapa kompyuta kumi na sita, baada ya wewe kufunga duka lako la kuchapa na kutoa nakala. Bi Aneth, mwanachama wetu anayeuza mafuta ya alizeti gulioni, alipiga vigelegele hadi dereva akauliza nani anaolewa. Tulizipanga mezani, tukazipa namba moja hadi kumi na sita kwa chaki. Tangu siku hiyo watu sitini na mmoja wamehitimu mafunzo ya awali, wakiwamo wanafunzi wa sekondari ambao walikuwa wakijibu maswali ya kompyuta kwenye mtihani bila kuwahi kuigusa. Hayo ni matunda ya mkono wako, na tunayasema kwa furaha.

MFUMO TULIOUCHAGUA

Kompyuta zilikuja na mfumo endeshi wa zamani, ambao haupati tena marekebisho ya usalama, na ndani yake mlikuwa na virusi vya fleshi za wateja wa miaka mingi. Ilibidi tuchague mfumo mwingine. Fundi wetu wa redio hapa sokoni, ndugu Gasto, alikuja na jibu mfukoni.

“Mwalimu, hii hapa Windows mpya, iko kwenye fleshi na ufunguo wake. Siku mbili tu, zote kumi na sita zinawaka.”

“Ufunguo huo umeununua wapi?”

“Kununua tena, Mwalimu? Huo upo tu mjini. Kila mtu anao.”

“Basi nenda ukamrudishie kila mtu. Sitasimama mbele ya watoto nikiwafundisha kwa kitu cha wizi.”

“Lakini tukichukua huo mfumo wako wa bure, Linux, watoto watakwenda ofisini wakute mfumo mwingine. Si tutakuwa tumewapoteza?”

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, tukaijadili kwa saa mbili. Aliyeimaliza ni Bi Aneth. “Mimi hata huo wa wizi siujui kuuwasha,” alisema. “Kwangu yote ni mageni. Nipeni wa halali, nihangaike na dhamiri safi.” Tulicheka, tukapiga kura, Linux ikapata kura tisa dhidi ya nne. Inatolewa bila malipo na walioitengeneza wenyewe, na ni nyepesi kwa mashine za umri ule. Gasto alishindwa kwa kura, halafu akawa wa kwanza kuimudu.

Kuhusu kugawa diski, Mwalimu alituchorea bweni ubaoni. Kila diski tuliigawa sehemu tatu. Ya kwanza ni chumba cha kiranja, ambamo mfumo unakaa na mtu haingii ovyo. Ya pili, iliyo kubwa kuliko zote, ni chumba cha wanafunzi, ambamo kazi za watumiaji zinawekwa. Ya tatu ni stoo ndogo ambayo kompyuta huazima nafasi kumbukumbu yake inapozidiwa. Faida yake tuliiona mwezi Juni. Umeme ulikatika na kurudi mara tano asubuhi moja, mifumo ya kompyuta nne ikaharibika. Tuliipachika upya katika chumba cha kwanza bila kugusa cha pili, na hakuna mwanafunzi aliyepoteza hata ukurasa mmoja.

Lakini Mama, elimu hiyo ya kutenganisha vyumba tuliipata baada ya kosa. Kosa lenyewe unalijua. Kamati ilimshauri Mwalimu kwamba katika risala lipewe sentensi moja. Alijibu kwamba lisomwe lote, naye aketi pale linaposomwa. Ndiye yule aliye kiti cha mwisho, karibu na mlango.

KOMPYUTA NAMBA KUMI NA MOJA

Katika shule aliyosoma Mwalimu Chediel, mwanafunzi mgeni alipofika, sanduku lake lilimwagwa lote kitandani mbele ya kiranja. Kilichoruhusiwa kilirudishwa, kisichoruhusiwa hakikuonekana tena. Mwalimu alifanyiwa hivyo, kisha naye akawafanyia wengine, na kwa miaka arobaini aliamini kwamba huko ndiko kuanza vizuri. Kompyuta zako zilipofika, alitoa amri ileile. Kila diski ifutwe yote kwanza, hata kama kinachoonekana ndani ni safi. Alitaka kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Aliifanya Ijumaa, tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, akiwa amekunja mikono ya shati, na kwa kweli alikuwa na furaha.

Alipofika namba kumi na moja, Gasto alikuwa nyuma yake.

“Mwalimu, ngoja. Hii ina sehemu mbili. Hiyo ya pili imeandikwa jina la mtu. Stefano.”

“Wenye majina wameshatoa mali yao.”

“Tungepiga simu tu, tuulize.”

“Gasto, hapa hatupokei mizigo ya zamani.”

Akachagua kufuta diski yote. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo.

Jumanne iliyofuata ulipiga simu. Mimi katibu nilikuwapo, nikayasikia mazungumzo yenu. Ulisema umekumbuka jambo: kompyuta moja ilikuwa mezani kwa marehemu mumeo, Mzee Stefano, na humo mna sauti za wazee na maneno ya Kinyaturu aliyoyakusanya kijiji kwa kijiji kwa miaka tisa. Ulidhani mwanao alikwisha kuyahamisha, kumbe hakuyahamisha. Ukasema, “Nitunzie, Mwalimu, nitakuja kuyachukua.”

Mwalimu alisimama, kana kwamba umeingia chumbani. Angeweza kusema ataangalia. Angeweza kusema umeme umekatika. Alisema, “Mama, nimeifuta. Nilifuta Ijumaa kwa mkono wangu. Niliambiwa ina jina la mtu, na bado nikafuta.”

Uliuliza, “Yote?”

“Yote, Mama.”

“Haya, Mwalimu.” Simu ikakatika.

Alikwenda moja kwa moja kwenye namba kumi na moja, akachomoa waya ukutani na kubandika karatasi: ISIWASHWE. Kisha akatuita wote, akatueleza kama nilivyoeleza hapa. Gasto hakumwacha.

“Nilikuambia, Mwalimu.”

“Uliniambia.”

“Tena nilikuambia vizuri kabisa.”

“Uliniambia vizuri, nami sikukusikiliza. Sasa niambie kama inarudi.”

Gasto alikuna kichwa. Alisema kwamba kufuta kule kunachana daftari la mahudhurio tu. Wanafunzi wenyewe, yaani mafaili, wanabaki vitandani mpaka waletwe wengine wa kulala mahali pao. Mfumo mpya ulikuwa umekwisha kuleta wengine.

“Wangapi wamepoteza vitanda?” Mwalimu aliuliza.

“Hatujui mpaka tutafute. Na tusitafute kwenye diski yenyewe, tutawalalia na waliobaki. Tupate diski nyingine ya ukubwa huohuo, tunakili kila kitu kilivyo, tutafutie huko.”

Mwalimu alichukua bisibisi, akafungua kompyuta mpakato yake, ileile tuliyoanzia kituo, akatoa diski yake akampa. Tangu Aprili mihtasari ya vikao vyetu ameiandika kwa mkono.

Mafundi wawili wa mjini waliambiwa habari hii, wakasema tusahau. Gasto hakusahau. Katika mfumo uleule aliokuwa ameupinga alikuta programu ya kutafuta sehemu zilizofutwa, akajifunza kuitumia kwa kukosea kwenye fleshi zake mwenyewe, miezi miwili mizima. Tarehe 2 Julai, sehemu iliyoandikwa Stefano ilijitokeza kwenye kioo, na ndani yake majina ya mafaili elfu moja mia moja na arobaini.

Jina la faili kuonekana si sawa na faili kufunguka, kwa hiyo ilibidi tujaribu moja baada ya jingine. Mwalimu aliweka sheria: kila sauti isikilizwe sekunde tano, ijulikane tu kama inalia, kisha ifungwe. Sauti si zetu, na mwenyewe hajaturuhusu. Tulisikiliza kwa zamu, Jumamosi kwa Jumamosi, saa ya ukutani ikiwa mbele yetu.

Mwezi Agosti ilikuwa zamu ya Bi Aneth. Alifungua faili, akasikia mwanamke akikohoa, akacheka kidogo, akaanza kutaja aina za mtama kwa Kinyaturu. Sekunde tano zikaisha. Mkono wa Bi Aneth haukusogea.

“Mwalimu,” alisema, “huyo ni mama yangu.”

Mama yake, Bibi Rebeka, alifariki miaka kumi na minne iliyopita, na hakuna picha yake wala sauti yake iliyobaki nyumbani.

“Pole sana, Aneth.”

“Niache nimsikilize mpaka mwisho. Ni dakika kumi na nane tu, imeandikwa hapa.”

Mwalimu alitikisa kichwa. “Si yetu,” alisema. “Nilishagusa kisichokuwa changu mara moja.”

Bi Aneth alifunga faili. Alimaliza zamu yake, akaenda nyumbani bila kumuaga mtu, na wiki mbili hakufika kituoni. Aliporudi alifika saa mbili kamili.

TULICHOSHINDWA

Mgeni rasmi, hatutakudanganya. Kati ya mafaili yale, elfu moja mia moja na kumi na mawili yanafunguka. Ishirini na manane hayafunguki, na Gasto amethibitisha kwamba mfumo mpya uliandikwa juu yake. Majina yake tumeyaorodhesha katika karatasi tutakayokukabidhi. Hatuna njia ya kuyarudisha, na hatuna cha kuweka badala yake. Hatukukuarifu kwa simu kwa sababu Mwalimu hakutaka kukupa tumaini ambalo lingeweza kuvunjika; faili la mwisho lilijaribiwa juzi Alhamisi.

OMBI

Kamati ilikuwa imeandaa maombi matano, yakiwamo betri za kutukinga na umeme unaokatika na mtandao wa kuaminika. Mwalimu Chediel aliyaondoa yote matano. Alisema aliyekosa haombi betri. La sita hatukuliandaa sisi, aliliandika yeye mwenyewe, nami nalisoma kama lilivyo:

“Mama, ukishapokea kilicho chako, na ikiwa moyo wako utakuwa mwepesi, umruhusu Aneth amsikilize mama yake hadi mwisho. Mimi nilimnyima kwa sababu sikuwa na haki ya kumpa. Wewe unayo. Ukikataa, hakuna atakayekuuliza sababu.”

Bi Aneth hakujua kuwa ombi hili limo humu. Analisikia sasa, pamoja na wewe.

SHUKRANI NA MAKABIDHIANO

Tunakushukuru kwa kompyuta kumi na sita. Tunakushukuru zaidi kwamba baada ya “Haya, Mwalimu” hukutuma mtu kuja kuzichukua. Tulizitumia kila siku tukijua hilo. Mwenyezi Mungu akuongezee siku zenye afya na wajukuu wanaokuja kukuona. Amrehemu Mzee Stefano na kila mzee aliyekaa chini akamsimulia.

Sasa namwomba Mwalimu Chediel asogee mbele.

Mama, diski ni mbili, na yaliyomo yanafanana, kwa sababu tumejifunza kwamba kitu kama hiki hakikai mahali pamoja. Moja ni ya kompyuta namba kumi na moja. Nyingine ni ile ya Mwalimu, na hataki irudi wala ilipwe. Kwetu haikubaki nakala hata moja.

Tulichokuchukulia tumekurudishia, isipokuwa ishirini na manane.

Ni sisi,
Wanachama wa Kituo cha Kompyuta Issuna