Herufi za Bingwa

Benchi limeegemezwa ukuta wa kinyozi, ncha moja imeliwa na mchwa, na anayekaa ncha hiyo hukaa kwa adabu. Alasiri ile walikuwa watatu. Kinyozi mwenyewe, ambaye wateja ndio humngoja yeye. Fundi Saa, bingwa wa kufungua saa za watu, asiyejua kufunga mdomo wake. Na Mzizi, mtunza kompyuta mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, aliyepewa jina hilo kwa sababu nywila ya "mzizi", ile ya kufungua kila kitu kwenye kompyuta, waliijua watu wawili tu, yeye na mwenzake Bingwa. Bingwa alifariki mwaka jana. Sasa binti yake anaolewa, na alimpigia Mzizi simu kuomba jambo moja: kadi za mwaliko zichapwe kwa herufi za baba. Herufi hizo Bingwa alizibuni mwenyewe, nukta kwa nukta, akazitia kwenye kiendeshi, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa. Kompyuta ya zamani imekufa. Kwenye hii mpya, iliyo mapajani mwa Mzizi, kiendeshi kinagoma kujengwa upya kutoka maandishi yake, na printa kuukuu ya sindano imekaa kimya chini, waya wake ukiingia kwa kinyozi. Kadi zinatakiwa kesho.

— Imesemaje safari hii? — Kinyozi aliuliza, kikombe cha kahawa mkononi.

— "Imeshindikana. Naishia hapa." Mara ya tisa.

— Basi tatizo ni umeme wangu. Umeme wa saluni umezoea kunyoa, hauwezi kuandika.

— Wewe nawe! — Fundi Saa alidakia. — Hiyo mashine ina wivu. Mpya haipendi kuletewa printa ya mke mkubwa. Ndiyo maana wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia. Wewe hujaitafakari tu.

Mzizi alicheka, na kicheko kikamrudisha kiwandani. Chumba cha kompyuta kilikuwa na baridi hata wakivaa masweta, na Bingwa alikuwa akiongea na Yuniksi, mfumo ulioendesha kompyuta zao, kama mtu anayembembeleza mkwewe. "Tafadhali mama, jenga. Jenga tu, nitakupangusa vumbi." Ikikubali, wanapigana makofi ya mgongo. Ikikataa, Bingwa anaenda kuchemsha chai. Siku zile walikuwa na raha, bwana, na hawakujua kuwa ndiyo raha yenyewe.

— Umebadilisha mipangilio? — Kinyozi aliuliza, akijifanya anajua mipangilio ni nini.

— Nimebadilisha yote. Nimeweka kiini kipya cha mfumo, nimerudisha cha zamani, nimeelekeza njia upya.

— Basi ni setilaiti, — Kinyozi alisema. Wenye mfumo wanatuona toka juu. Wakiona printa ya mwaka arobaini na saba, wanazima. Bandu bandu huisha gogo!

— Ngoja, — Fundi Saa aliweka kikombe chini. Macho yalimng'aa. — Kiendeshi kiliandikwa lini?

— Miaka kumi na minane iliyopita.

— Na saa ya mashine inasema leo? Ndiyo kosa! Kimezeeka kwa ghafla, kimeshtuka. Rudisha saa nyuma miaka kumi na minane. Mimi ndiye fundi, nisikilize.

Mzizi alijua ni upuuzi. Lakini mtu akishindwa mara tisa, upuuzi nao hupata kiti. Akairudisha saa, akaamuru ujenzi uanze. Maandishi yakamiminika, kisha mashine ikalalamika kwamba baadhi ya mafaili yameandikwa siku ambazo bado hazijafika. Halafu: "Imeshindikana. Naishia hapa."

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzizi hakucheka. Alikuwa anaitazama tarehe kwenye kona ya kioo cha kompyuta. Kwa hesabu ya mashine hiyo, Bingwa alikuwa hai, yuko meza ya pili, anatafuta miwani aliyoivaa. Akatamani aiache hivyo hivyo.

— Shikamooni.

Alikuwa binti wa Bingwa, amekuja kuulizia kadi.

— Marahaba, mwanangu, — Mzizi alisema, na haraka akairudisha saa mahali pake. — Bado inasumbua kidogo.

Binti aliinama, akatazama kioo kilivyojaa maandishi.

— Baba mdogo, hapo juu kabisa imeandika nini?

— Juu wapi?

— Kosa la mwanzo kabisa. Haya ya chini si yamefuata tu?

Mzizi aliinua macho hadi juu ya kioo. Miaka yote walisoma wawili, kioo kimoja: Bingwa akianzia juu, yeye akianzia chini, wanakutana katikati.

— Sijui, — alisema. — Huko juu alikuwa akisoma baba yako.

Akapanda mstari kwa mstari hadi mwanzo. Pale palikuwa na sentensi moja fupi: faili la herufi halipo. Hakuna kiini kibaya, hakuna setilaiti. Walikuwa wanajenga nyumba bila matofali.

— Hilo liko kwetu, — binti alisema. — Alikuwa akizichora usiku, halafu mimi nazipaka rangi kwenye karatasi za miraba. Faili hakuliacha kazini. Liko kwenye diski, kabatini kwake.

— Alhamdulillahi! — Fundi Saa alipiga paja. — Si nilisema ni suala la muda?

Binti alikuwa bado anamtazama Mzizi.

— Baba mdogo, tangu tumzike baba, mbona hujakanyaga kwetu? Mama anauliza. Na mimi nauliza.

Kinyozi alichungulia ndani ya kikombe kitupu. Fundi Saa, mwenye jibu la kila kitu tangu azaliwe, alianza kuifuta saa iliyokuwa safi. Mzizi angesema nini? Kwamba akienda dukani huzunguka njia ya nyuma ili asiuone mlango wa Bingwa?

— Nilikuwa... — alisema.

Binti hakumharakisha. Alichomoa waya wa printa, akaibeba kifuani kwa mikono miwili, ingawa ilikuwa nzito, akashika njia ya kwao bila kugeuka nyuma. Mzizi akafunga kompyuta, akainuka, akamfuata.