Rangi ya Pikipiki ya Ogola

Jumamosi mchana, king'ora cha karakana ya reli kikishalia, benchi la mbele ya kibanda cha kahawa cha Nekoye, hapo karibu na stesheni ya Nakuru, lilikuwa na wenyewe. Kipkemei alikuwa dereva wa shamba la mzungu kule Njoro, nao wakamwita Trekta. Dalmas alifunga vidonda hospitalini, wakamwita Bandeji. Ogola alipaka rangi mabehewa ya reli, na hakuwa na jina lolote mpaka mwaka huo wa 1956 aliponunua pikipiki kuukuu na kuipaka kijani, tabaka saba, kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo akawa Bwana Kijani. Siku hiyo alifika akiisukuma taratibu, hema na blanketi vimefungwa juu ya tangi.

— Njooni muone, alisema, akiinua pembe ya hema. Jana nimeenda Lanet na kurudi tu. Tazameni.

Kwenye tangi palikuwa na mchubuko mrefu kama kidole.

— Lanet tu? Trekta aliguna. Na leo unaenda Baringo?

— Leo, na mama watoto. Siku nne.

Walijua kwa nini. Kabla ya kuajiriwa reli, Ogola alikuwa akiwasimikia wazungu mahema kando ya ziwa, akiwachemshia maji, kisha yeye analala chini ya lori. Safari hii alitaka hema liwe lake.

— Dawa ni bandeji, Bandeji alisema. Zungusha tangi lote kama mguu uliovunjika.

Ogola alipitisha kidole kwenye rangi, akawaonyesha vumbi.

— Hii ikiingia chini ya kitambaa ni msasa. Hema halina makosa. Vumbi ndiyo inakwaruza.

— Basi paka mafuta ya kondoo, Trekta alisema. Vumbi itateleza.

— Itanata! Atafika na ugali juu ya tangi.

— Wewe Bandeji, umewahi kuendesha nini?

— Machela.

Nekoye alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ogola hakucheka. Alikuwa akiwaza.

— Mpira je? aliuliza. Tyubu kuukuu, ikatwe, itandikwe chini ya mzigo?

— Ya trekta ninayo, Kipkemei alisema. Lakini mimi ningefunga kigari nyuma, kivutwe kama plau.

— Mimi ningebeba debe la maji, Bandeji alisema, nioshe kila maili.

— Ngoja mvua, basi! Vumbi itoke wapi?

— Mvua inaleta matope.

— Matope ni laini!

Mwishowe Ogola aliwaomba wamsaidie. Trekta alileta tyubu kutoka kwenye trekta aliyoiegesha karibu na stesheni, akaikata. Waliifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, wakaitandika juu ya kiti cha nyuma, wakalaza hema juu yake, blanketi juu ya hema, sufuria juu kabisa, kisha wakakaza kamba kwenye vyuma tu. Ogola alizunguka pikipiki mara mbili. Hakuna kitu kilichogusa rangi. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu jana.

Ndipo Akeyo, mkewe, akatokea na leso mpya kichwani na kikapu mkononi.

— Habari zenu, mashemeji. Baba Awuor, uko tayari?

— Tayari kabisa. Umeona tulivyofunga?

Akeyo aliutazama mzigo kuanzia chini hadi kwenye sufuria.

— Nimeona. Na mimi nitakaa wapi?

Bandeji alichungulia ndani ya kikombe chake. Trekta akainama kukagua tairi. Nekoye alijifanya anapuliza makaa.

Ogola akaanza kulegeza kamba, moja moja. Blanketi alilikunja kwenye kiti cha nyuma, Akeyo apate kukalia. Sufuria iliingia kikapuni. Hema akalirudisha juu ya tangi, tyubu chini yake, na hakuna aliyemkumbusha ya Lanet.

Waliondoka. Walipovuka reli, pikipiki iliruka, na kigingi cha hema kikapenya pembeni mwa tyubu: krrr, kwenye rangi.

— Ni nini hiyo? Akeyo aliuliza nyuma yake.

— Barabara, Ogola alisema. Nishike vizuri.

Akaongeza mwendo.